Viti vya bunge kugawanywa kwa dini kama Lebanon, hapa Pwani ingetufaa ama ingetumaliza?

mjukuu_wa_kibokoni

Assalaam aleikum na hamjambo nyote wa dini zote. Nina swali na naomba tujibizane kwa adabu manake najua hii mada huwapanda watu vichwani haraka.

Kuna mzee mmoja barazani kwetu ambaye siasa yoyote ikizungumzwa yeye jibu lake ni Lebanon. Ati kule kila dini ina kiti chake, rais lazima awe Mkristo wa Kimaroni, waziri mkuu Msunni, spika wa bunge Mshia, na wabunge wenyewe nusu Waislamu nusu Wakristo, basi hakuna wa kumdhulumu mwenziwe. Anasema sisi Waislamu wa Kenya tangu uhuru twabembeleza tu, leo tukipewa waziri twashukuru, kesho akitolewa twanyamaza, lau katiba ingeandika wazi kuwa kiti fulani ni chetu hata asiyetupenda angelazimika kutupa. Wengi pale walikuwa wanamuitikia na sitawadanganya hata mie yaliniingia kidogo.

Lakini nikikaa peke yangu najiuliza, Lebanon hiyo hiyo si ndo twaiona kwenye habari haina umeme, pesa yake imekuwa makaratasi, mara haina rais miaka? Sasa ni mfumo uliowafikisha hapo ama ni Israel na Syria na mabwana wengine wa nje? Na mtu akipiga kura na huku kiti kishaamuliwa ni cha dini gani, hiyo bado ni demokrasia kweli? Mwenye ilimu atusaidie. Wa kuja na matusi ya dini apite mbali.

maalim_mstaafu

Waaleikum salaam mwanangu. Nimefundisha historia kabla sijastaafu, na huyo mzee wako kwa upande wa viti yuko sawa ila amekusimulia nusu ya hadithi.

Ilivyokuwa ni hivi. 1943 Lebanon ikitoka mikononi mwa Wafaransa, Bechara El Khoury aliyekuwa Mmaroni na Riad El Solh aliyekuwa Msunni walikubaliana kwa mdomo, kwa mdomo tu nasema, hakuna karatasi iliyotiwa saini, kuwa Wakristo wataacha kuitegemea Ufaransa iwalinde na Waislamu wataacha kudai nchi iunganishwe na Syria, halafu vyeo vikubwa vigawanywe. Bungeni wakaweka Wakristo sita kwa kila Waislamu watano. Hesabu hiyo waliitoa wapi? Kwenye sensa ya 1932 waliyoifanya Wafaransa. Na hapa ndipo penye mambo, tangu 1932 hadi leo Lebanon haijafanya sensa rasmi nyingine. Si kwamba hawajui kuhesabu, wanaogopa jibu. Kila mtu anajua Waislamu wameongezeka na Washia zaidi ya wote, lakini ukishajenga serikali juu ya hesabu, kuhesabu upya ni kama kutangaza vita.

Na vita vilikuja. 1975 mpaka 1990, watu kama 150,000 wakafa kwa makadirio yanayotajwa zaidi, na maelfu hawajulikani walipo mpaka leo. Siwezi kusema vita vilikuwa vya dini tu, kulikuwa na suala la Wapalestina wenye silaha, umaskini wa kusini, Israel, Syria, yote yalichangia. Ila ile sita kwa tano ilikuwa kidonda ambacho kila mtu alikuwa anakitonesha.

1989 wabunge waliobaki wakapelekwa Taif, Saudi Arabia, wakakubaliana nusu kwa nusu. Rais akapunguziwa nguvu zikaenda kwa baraza la mawaziri. Leo wabunge ni 128, yaani 64 kwa 64, na ndani yake wamechambua tena: Wamaroni 34, Wasunni 27, Washia 27, Waothodoksi wa Kigiriki 14, Wadruze 8, Waalawi 2, Waarmenia wana vyao, mpaka Waprotestanti wana kiti 1. Madhehebu yanayotambuliwa kisheria ni 18.

Huyo mzee muulize kama anajua hili: katiba yao wenyewe, kifungu cha 95, inasema huu mfumo ni wa muda na iundwe kamati ya kuuondoa. Waliahidi pia bunge la pili, la seneti, ndilo lishughulikie mambo ya madhehebu ili lile la kwanza liwe la wananchi wote bila kuulizana dini. Kamati yenyewe haikuundwa na hiyo seneti haijazaliwa. Umepita muda wa kuzaa mtoto, kumsomesha na kumuoza.

Kuhusu swali la nje ama ndani, mie kwangu hayo mawili hayaachani. Dhehebu likiogopa mwenziwe litatafuta mtu wa nje wa kuliunga mkono, huyu Iran, huyu Saudia, huyu Ufaransa, na mtu wa nje akishaingia hatoki bure. Jeshi la Syria liliingia 1976 likatoka 2005. Huo mlango wa kuingilia ulikuwa wazi kwa sababu ya mfumo.

bint_mtwapa

Maalim ameongea vya vitabuni na ni kweli tupu lakini mie nimeishi Beirut, nilikuwa nafanya kazi za nyumba, nilikuwepo 2019 na nikaondoka baada ya bandari kulipuka 2020, kwa hivo wacha niseme niliyoyaona jikoni kwa watu.

Kwanza mjue kule ukisema "serikali" mtu wa kawaida hafikirii ofisi, anafikiria mkubwa wa dhehebu lake. Mtoto akitaka kazi ya polisi, mama akitaka kitanda cha hospitali, shule ikitaka kupunguziwa karo, hauendi kwa mjumbe wa eneo kama sisi tunavyoenda kuomba basari, unaenda kwa mtu wa mkubwa wenu. Na yeye anasaidia kweli, si uongo, anasaidia ndo maana wanampenda. Lakini akikusaidia kura yako ishaenda, na ya mumeo, na ya watoto wako wakikua. Mitaani wamebandika picha zao, ukiingia mtaa unajua huu ni wa nani kwa kuangalia ukuta tu.

Sasa hapo ndo mimi nawaambia nyie wanaume wa baraza, kile kiti kinachoitwa cha Washia ama cha Wasunni usidhani ni cha yule mama maskini Mshia, hapana, ni cha mkubwa. Nabih Berri ni spika tangu 1992. Hebu fikiria wewe. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule sasa ana ndevu na mvi za kuanza na spika ni yule yule, na ukisema atoke utaambiwa unawapiga vita Washia.

2019 mwezi wa kumi serikali ilitaka kuweka ushuru kwenye simu za WhatsApp, watu wakatoka barabarani, na hapo nikaona kitu sikutegemea, walitoka wote, Tripoli ya Lebanon kwa Wasunni, kusini kwa Washia, kwa Wakristo, kwa Wadruze, wakawa wanaimba wote maana yake wote, yaani viongozi wote waondoke hata wangu mimi. Siku moja wakashikana mikono kutoka Tripoli mpaka Tyre kule kusini, madamu wangu alikuwa anaangalia kwa tv analia na mimi sikumuelewa kwa nini analia. Baadaye akaniambia alipokuwa msichana hiyo barabara haipitiki, unasimamishwa, unaulizwa kitambulisho, kitambulisho kina dini, na dini ikiwa siyo basi.

Saad Hariri alijiuzulu uwaziri mkuu mwezi huo huo. Halafu? Halafu pole pole wakubwa wakawarudisha watu wao mmoja mmoja, kwa hofu, ati tukiondoka sisi wale watawamaliza. Pesa ikaanguka, dola ilikuwa inabadilishwa lira 1,507 miaka na miaka leo ni kama 89,500, watu wameweka akiba benki hawaipati. Halafu tarehe 4 mwezi wa nane 2020 zikalipuka tani 2,750 za amonium naitreti zilizokaa bandarini miaka sita na wakubwa kadhaa walikuwa washaandikiwa barua kuwa ziko pale. Watu zaidi ya 200 walikufa. Jaji akitaka kuwahoji mawaziri wanamfungulia kesi atolewe, na kila waziri ana dhehebu nyuma yake la kupiga kelele kuwa anaonewa kwa sababu ya dini. Kila mtu ana ngao.

Kitu cha mwisho na samahani kwa maneno mengi. Sisi wafanyakazi wa nyumba, Wakenya, Waethiopia, Wafilipino, hatuhesabiwi popote, hata sheria yao ya kazi inasema wazi haituhusu. Uko chini ya kafala, karatasi zako ni za tajiri wako. Wanazungumza usawa wa madhehebu 18 na kila nyumba ina mtu analala jikoni ambaye hayumo hata kwenye la 19.

dogo_wa_majengo

Dada bint hapo kwa kitambulisho umenimaliza 😳

Mie nasema fupi, hii ni mbinu ya wenye matumbo kugawana. Tushaionja hapa. Nusu mkate ya 2008, ile serikali ya mseto baada ya vurugu za uchaguzi, ilikuwa nini? Watu walikufa zaidi ya elfu moja, wakubwa wakakaa meza moja, mawaziri wakawa kama 40 hivi, na aliyechomewa nyumba akabaki na hema. Sasa ukiandika kwenye katiba kuwa mkate utakatwa hivi milele si ndo utaua kabisa, hakuna upinzani, wote wako ndani wanakula, wewe utamlalamikia nani?

mtu_wa_kengeleni

Naomba na mimi niingie, mimi ni Mkristo, wa hapa hapa Kengeleni, mababu zangu ni wa Frere Town wale waliotolewa kwenye majahazi ya watumwa wakaletwa pale kuanzia 1875. Kiswahili ndicho lugha ya nyumbani, sina kijiji cha bara cha kurudi wakati wa uchaguzi ukichafuka. Kwa hivyo mtanisamehe mimi nikisikia habari ya wachache kuandikiwa kiti siwezi kucheka haraka kama dogo.

Dogo, wewe ni rahisi kusema wote ni wezi. Lakini jiweke kwa Muarmenia. Watu wake walichinjwa 1915, waliobaki wakakimbilia Lebanon hawana kitu, leo wana viti 6 bungeni, shule zao, lugha yao, makanisa yao hayaguswi. Pale jirani Syria na Iraq jamii za Wakristo zimepungua mpaka vijiji vimebaki magofu, Lebanon bado wapo na wana sauti. Ukimwambia huyo mtu demokrasia ni mwenye wengi ndiye mwenye nchi, atakuuliza, na mimi mwenye wachache niende wapi? Hilo ni swali halali wala si la tumbo. Kura ya wengi bila kizuizi inaweza kummaliza mtu kihalali kabisa, kwa debe, na waangalizi wa uchaguzi wakapiga saini.

Lakini sasa tuje kwetu, maana hapo ndipo mimi mwenyewe nakwama. Tuseme tunagawa viti vya Pwani kwa dini. Mdigo wengi wao ni Waislamu. Mgiriama utampata Mkristo, utampata Muislamu, utampata anayefuata mila ya kaya. Wote ni Mijikenda. Ninazo nyumba nazijua Rabai na Kaloleni baba ni wa kanisa, mtoto mmoja kasilimu anaitwa Athumani, bibi bado anaamini koma, mizimu ya wazee, na wanakula pamoja Krismasi na Idi. Nyumba hiyo utaipa kadi ya kura ya rangi gani? Na ukisema basi tugawe kwa kabila, msikiti mmoja utaupasua vipande saba. Kule Lebanon angalau kila mtu kazaliwa akaandikwa, baba yako ni nani, dhehebu lako ni hilo, rekodi iko kijiji cha babu yako hata kama hujawahi kulala huko. Sisi hatujaandikana hivyo, na mimi naona hiyo ni bahati ambayo hatujui kama tunayo.

Halafu na mimi wa Kengeleni kiti cha Wakristo wa Pwani kitakuja kwangu kweli? Kitachukuliwa na mwenye watu wengi waliohamia Changamwe na Mikindani, wala simlaumu, ndiyo hesabu. Mchache ndani ya wachache hana wa kumwandikia kiti.

karani_wa_korti

Mjadala mzuri huu, niongeze ya kisheria kidogo maana nafanya kazi mle ndani ya makorti, mimi si wakili lakini faili nimezibeba.

Kenya katiba ya 2010 kifungu cha 8 inasema hakuna dini ya taifa. Kifungu cha 91 kinakataza chama kuanzishwa kwa msingi wa dini, kabila au jinsia. Wakubwa wetu wanakumbuka IPK, chama cha Kiislamu, 1992 kilinyimwa usajili kwa sababu hiyo hiyo na Mombasa ikawaka moto, Sheikh Khalid Balala jina lake lilikuwa kila ukuta. Watu wa Majengo na Bondeni walikimbizwa na polisi wiki kwa wiki. Kwa hiyo hayo malalamiko ya mzee wa barazani msiyafanye mzaha, yana mizizi, watu walitaka kuingia kwa mlango wa kura wakafungiwa.

Lakini Kenya tunayo ya Lebanon moja ambayo tumeikubali, na imekaa vizuri kuliko wanavyodhani, mahakama ya kadhi. Hiyo ilitokana na ukanda wa maili kumi wa Pwani uliokuwa wa Sultani wa Zanzibar, na Oktoba 1963 Kenyatta na Mohamed Shamte wa Zanzibar waliandikiana barua, kuwa makadhi watabaki. Leo iko kifungu cha 170. Sasa soma maneno yake: kadhi anahukumu ndoa, talaka, mirathi, ikiwa pande zote ni Waislamu NA wamekubali kwenda mbele yake. Ukikataa, korti nyingine ipo. Ndoa nazo sheria ya 2014 imeweka aina tano, ya Kikristo, ya kiserikali, ya kimila, ya Kihindu na ya Kiislamu. Unachagua.

Lebanon hakuna hiyo ya kiserikali. Msunni na Mmaroni wakipendana na hakuna anayetaka kubadili dini wanapanda ndege mpaka Cyprus, wanafunga huko, wanarudi, na serikali yao inaikubali ndoa ya Cyprus ila haitaki kuwafungisha yenyewe 😂 kuna mashirika ya safari yanauza ndoa na hoteli pamoja. Mimi hapo ndipo naona tofauti yote ilipo. Jamii kupewa haki zake si tatizo, tatizo linaanza pale mtu mmoja akitaka kutoka nje ya jamii hiyo akakuta sheria haimjui.

Jambo jingine, si lazima kulinda wachache kwa kuandika kiti cha fulani. Sheria yetu ya utangamano ya 2008 inasema ofisi ya umma isijazwe na kabila moja zaidi ya theluthi moja. Ya kaunti ya 2012 inasema angalau asilimia 30 ya nafasi za kuajiriwa mwanzo ziende kwa wasio kabila kubwa la kaunti ile. Zinafuatwa? Hiyo uliza mwenyewe ukienda kaunti ukiangalia majina milangoni. Lakini mtindo wake ni tofauti, inamwambia mkubwa usizidi hapa, haimwambii mdogo chako ni hiki tu kaa hapo.

mjukuu_wa_kibokoni

Mashallah, sikutegemea majibu ya namna hii, nashukuru maalim, dada bint, na wewe karani. Mtu wa Kengeleni hoja yako ya nyumba za Rabai nitaipeleka nikaone watajibu nini.

Ila naomba nimtetee mzee kidogo. Karani wasema tusizidi hapa, lakini kwa nini basi kila uchaguzi Mombasa wagombea ugavana wanahesabu kimya kimya, mkubwa Muislamu naibu awe Mkristo, mkubwa wa pwani naibu wa bara? Gavana Abdulswamad na naibu wake Francis Thoya si ni hivyo? Tayari twafanya Lebanon ila twaona haya kusema. Si bora iandikwe tu ijulikane?

maalim_mstaafu

Swali zuri. Kuna faida kubwa ya kutoandika mwanangu, nayo ni kuwa inaweza kubadilika bila mtu kufa. Mgombea akipanga tiketi ya dini mbili ni kwa sababu anataka kura, wapiga kura wakibadilika na yeye atabadilisha, labda kesho itakuwa mwanamume na mwanamke, labda Likoni na kisiwani. Yale mapatano ya 1943 ya Lebanon nayo hayakuandikwa, lakini walikosea kuyafanya kama yameandikwa.

Na kuna hili la kukwamishana. Kule serikali ikiundwa kila kundi lataka uwezo wa kuzuia. Mwaka 2008 baada ya mapigano Beirut walipelekwa Doha, upinzani ukapewa mawaziri 11 kati ya 30, zaidi ya theluthi, kwa hiyo lolote kubwa wanaweza kulizuia. Januari 2011 mawaziri 11 wakajiuzulu siku moja serikali ikaanguka. Rais naye, Michel Aoun alipatikana 2016 baada ya kiti kukaa tupu miezi 29. Alipotoka 2022 kikakaa tupu tena zaidi ya miaka miwili, vikao 12 vya kumchagua mrithi vimeshindwa, hadi Januari 2025 akapatikana Joseph Aoun, mkuu wa jeshi. Nchi imefilisika, bandari imelipuka, na wao wakawa hawana rais kwa kubishania Mmaroni yupi. Kila dhehebu lina nguvu ya kusema hapana na hakuna lenye nguvu ya kusema haya twende.

dogo_wa_majengo

Ngoja nimpe mzee hesabu. Nimetafuta, sensa yetu ya 2019 ilisema Waislamu ni asilimia 10.9, najua kuna wanaoikataa lakini tuchukue hiyo. Bunge la taifa lina wabunge 349, kwa asilimia hiyo twapata viti 38 hivi. Garissa, Wajir na Mandera peke yake zina maeneobunge 18. Ongeza Isiolo, Tana River, Lamu, Kwale. Sasa Mswahili wa Kibokoni wamebakishiwa vingapi hapo? Manake kiti kitakuwa "cha Waislamu" hakitakuwa cha Mombasa. Mzee anafikiria akisema Waislamu anajisema yeye, na akifika huko Nairobi atakuta Waislamu wenziwe wengi wanataka barabara ya Wajir na ng'ombe, siyo hati za mashamba za Pwani. Shida yetu hapa ni ardhi na bandari, na hiyo shida Mgiriama Mkristo anayo sawa sawa na mimi.

mtu_wa_kengeleni

Dogo kumbe una akili ukiacha kelele 😄 hapo nakubali kabisa. Squatter hana dini.

bint_mtwapa

Halafu kuna la wanawake mmelisahau nyote kama kawaida. Lebanon mwanamke akiolewa na mgeni watoto wake hawapati uraia, mwanamume anawapa. Ukiuliza kwa nini wanakwambia wazi bila haya, wengi wameolewa na Wapalestina na Wasyria, tukiwapa uraia hesabu ya Waislamu na Wakristo itaharibika. Yaani tumbo la mwanamke linalinda hesabu ya 1932. Nilimjua mama mmoja mtoto wake kazaliwa Beirut, kasoma Beirut, kila mara anashughulikia karatasi za ukaazi kama sisi wageni.

mjukuu_wa_kibokoni

Hiyo kali. La mwisho maalim kisha nitawaacha mpumzike. Mtu akisema mimi sitaki dhehebu, nataka kuwa Mlebanoni tu, sheria inamruhusu? Na anaweza kugombea?

maalim_mstaafu

Kulifuta kwenye rekodi inaruhusiwa, 2009 waziri wa mambo ya ndani Ziad Baroud alitoa waraka kuwa mwananchi anaweza kuomba dhehebu lake litolewe kwenye daftari la serikali, na wako waliofanya hivyo. Kugombea ndio utata, manake viti vyote 128 vina majina ya madhehebu, hakuna hata kimoja cha mtu tu. Wale wapya walioingia bungeni 2022 baada ya maandamano, kama 13 hivi, wanaohubiri kuondoa mfumo huu, wote walibidi wagombee kwa dhehebu walilozaliwa nalo.

Na Lebanon si peke yake. Bosnia wana marais watatu kwa pamoja, Mbosniaki (Muislamu wa Bosnia), Mserbia na Mkroati, kwa mapatano ya 1995. Dervo Sejdić ni Mroma na Jakob Finci ni Myahudi, wakaambiwa hawawezi kugombea kwa sababu si mmoja wa hao watatu. Wakaenda mahakama ya haki za binadamu ya Ulaya, wakashinda, Desemba 2009. Katiba mpaka leo haijabadilishwa, manake ili ibadilishwe hao watatu wakubaliane.

dogo_wa_majengo

Hao watatu wakubaliane 🤣 haya basi, mzee apelekewe na hiyo ya Bosnia kabla kahawa haijapoa.